Dominiko Simiyu, Mlinzi wa Mfuniko wa Shosho

Alhamisi hii, tarehe 28 Februari 2019, Mzee Dominiko Simiyu anavua sare ya kampuni yetu baada ya kuivaa kwa miaka kumi na mitano na ushee. Anastaafu akiwa na umri wa miaka sitini, na meno yake yote, na sauti ileile iliyokuwa ikisikika kutoka gatini Al Wakrah hadi kwenye maduka ya barabara kuu. Wengi mnaoshika programu hii mnamjua kama mzee wa lango la wafanyakazi kule West Bay, yule anayehakikisha umefunga kifungo cha juu kabla hajakuruhusu upite. Wachache mnajua kwamba kabla ya lango hilo alikuwa mlinzi wa nyambizi. Na nyinyi mnaojua, wengi wenu mmesikia jambo moja tu, kwamba ndiye aliyeizamisha.

Ofisi iliponipa kazi ya kuandika wasifu huu iliniomba mambo mawili: niwe mfupi, na nisiguse habari za mwaka 2012. Kwa ufupi nitajitahidi. Hilo la pili limenishinda, nikawaambia limenishinda, na mwishowe wakakubali. Kwa nini walikubali, nitaeleza mahali pake.

Dominiko alitua Doha mwezi wa saba mwaka 2003, joto likiwa limeiva. Alikuwa amemwacha Kimilili mkewe Nasimiyu, watoto wanne na ng'ombe wawili, akaambiwa anakuja kulinda hoteli. Hoteli yenyewe ilikuwa ghorofa refu la West Bay, na kilichomtoa jasho humo ndani, pamoja na baridi yote ya viyoyozi, kilikuwa lifti. Dominiko haogopi mtu, lakini anaogopa kufungiwa. Kwa miezi kadhaa alipanda ngazi hadi ghorofa ya kumi na mbili kupeleka funguo, na akiulizwa anasema anafanya mazoezi. Msimamizi wake alimsifu mbele ya wenzake kwa kujali afya. Faridah wa Mombasa, ambaye wakati huo alikuwa mapokezi na leo ni mkuu wa idara yetu, ndiye aliyemfumania siku moja amesimama mbele ya kitufe cha lifti akifanya ishara ya msalaba. Hakumtangaza. Alimtania tu, na utani huo haujaisha hadi wiki hii.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye ambaye kampuni ilimchukua ikampeleka kulinda bomba la chuma lenye mlango mmoja.

Mwaka 2004 mwenye kampuni, ambaye sote tunamwita Mudir, alinunua nyambizi. Wenye uwezo wao wengine hununua farasi, wengine mwewe wa kuwindia. Yeye moyo wake uko kwenye vyombo vya bahari. Nyambizi hiyo ilikuwa kongwe kupita kiasi. Iliundwa mwaka 1908 kwa ajili ya jeshi la majini la nchi moja ya kaskazini mwa Ulaya, enzi ambazo kwenda chini ya maji na kurudi kulikuwa bado ni jambo la kubahatisha. Kule kwao iliitwa kwa nambari tu, kama mfungwa. Ililetwa juu ya meli ya mizigo, ikapakwa rangi ya kijivu na kufungwa gatini Al Wakrah ili watu waje waitazame. Waarabu waliiita ghawasa. Wakenya walipoona mabaka yaliyofichwa kwa rangi na kiuno kilichopinda kidogo, wakaiita Shosho, yaani bibi, na jina likashika hata kwa Wanepali.

Shosho naye alikuwa na rekodi yake ya utumishi, na kwa kuwa maisha ya Dominiko yalishikamana na yake, ni haki niieleze. Alikuwa akibeba watu kumi na mmoja mahali ambapo leo ungeona haya kuweka watano. Injini yake ilikunywa petroli na kutoa mvuke uliolevya mabaharia wakiwa kazini, kwa hiyo walifuga panya weupe kwenye kizimba. Panya wakianza kuyumba, wanadamu walipanda juu kuvuta hewa. Choo kilikuwa ndoo. Soksi hazikukauka msimu mzima wa baridi. Hakuwahi kumrushia adui topido hata moja. Kazi yake ilikuwa mazoezi, doria, na kuwatia watu wasiwasi kwa kuwapo tu, na kazi hiyo aliifanya vizuri.

Doa lake ni la mwaka 1913. Alikuwa anarudi bandarini, mfuniko wa juu umefunguliwa ili hewa iingie, meli kubwa ikapita karibu, na mawimbi yake yakamwagika ndani. Mabaharia walitoka mbio wakarukia gatini. Ofisa aliyekuwa juu aliona vichwa vingi nchi kavu, akadhani wametimia, akaamuru mfuniko ufungwe ili chombo kisizame. Ukafungwa. Chombo hakikuzama. Lakini watatu walikuwa bado chumba cha mbele, na maji ya chumvi yalipokutana na betri zilizokuwa chini ya sakafu ikatoka hewa ya sumu. Walipofungua kesho yake waliwakuta wamekaa pamoja, mmoja amemkumbatia mwenzake. Ofisa alipewa nishani kwa kuokoa chombo cha taifa. Shosho akaoshwa, akarudishwa kazini, akatumika miaka mingine minane kabla ya kugeuzwa ghala linaloelea, kisha kutupwa kwenye tope la mto, kisha kufukuliwa na wapenda vitu vya kale, na hatimaye kuuzwa kwa Mudir wetu.

Historia hiyo yote ilikuwa kwenye ubao pale gatini, na wageni wengi waliupita wakiwahi kupiga picha. Dominiko alipewa kazi ya kusimama juu kwenye mfuniko kuanzia mwaka 2005. Faridah, ambaye alihamishwa naye kwenda kuuza tiketi, anakumbuka kwamba wiki nzima ya kwanza mzee hakuulizia mshahara wala chumba cha kulala. Aliulizia kitu kimoja. "Sasa Faridah, hebu niambie, huyo ofisa angejua aje kama kuna mtu amebaki ndani?" Faridah alimjibu kwamba hao ni watu wa zamani na wamekwisha kufa, aendelee na kazi. Dominiko hakuridhika. Ijumaa ya mapumziko alikwenda kwenye duka moja la Al Mansoura, karibu na alikokuwa akiishi na wenzake sita, akarudi na mkeka wa plastiki wa kijani.

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeshuka Shosho na viatu. Unafika kwenye mfuniko, unavua, unaviacha kwenye mkeka, unashuka ngazi pekupeku au na soksi. Wageni aliwaambia ni kwa sababu ya utelezi. Wafanyakazi wenzangu walionitangulia aliwaambia ukweli, nami nikaurithi: viatu vikiwa juu, mtu yuko chini. Viatu vikiisha, funga mfuniko, ukanywe chai.

Kwa watu wetu jambo hili halikuwa geni. Nani kati yetu anaingia na viatu nyumba ya watu? Lakini kwenye sehemu ya utalii lilizua mambo. Kuna siku Mudir mwenyewe alikuja na wageni wake wazito, amevaa ndala za ngozi zilizong'aa, na Dominiko akamwonyesha mkeka kwa heshima zote. Mudir alimtazama, akacheka, akavua. Wageni wakavua. Faridah anasema hajawahi kuona fedha nyingi namna ile imesimama bila viatu. Baadaye akaja Bradley wetu wa matangazo, mtoto wa Nairobi, mchapakazi kweli, akasema ndala za watu zinaharibu picha. "Mzee, hii place inakaa msikiti, si museum." Mkeka ukaondolewa. Kesho yake Dominiko akatandika taulo lake la kuogea, la maua, na Bradley akarudisha mkeka mwenyewe haraka sana.

Akiwa kazini hapo aliwaeleza wageni habari za Shosho kwa namna yake. Panya weupe aliwapa majina ya mabosi. Alidai mmoja wao alikuwa akilewa hadi anaimba. Watoto wa shule walimpenda mno, na walimu walirudi mwaka uliofuata wakimuulizia. Ubao haukusema habari ya panya kuimba, lakini hakuna aliyelalamika.

Nikisema mazuri tu atanikasirikia, kwa hiyo niseme na lile lililomfanya achekwe. Mwaka 2010, Ijumaa moja jioni, wageni waliisha na jozi moja ya viatu vya kahawia ikabaki kwenye mkeka. Dominiko alishuka, akatafuta, akapanda, akashuka tena. Akamwita Injinia Athanas, fundi wetu mkuu, Mtanzania wa Bukoba, wakafungua hata matangi ambayo paka asingeenea. Walitafuta mpaka adhana ya magharibi ikapita. Ndipo muuza juisi wa gatini akawaambia kwamba kuna bwana alitoka mle, akavaa viatu vipya alivyokuwa navyo kwenye mfuko, na vile vya zamani akaviacha hapohapo. Athanas alikuwa amelowa grisi mpaka masikioni. Tangu hapo kila jambo likiharibika watu waliuliza, "Mmeangalia kwenye viatu?" Dominiko alicheka nao. Mkeka hakuutoa.

Mimi niliingia Doha mwishoni mwa mwaka 2011 kutoka Nyamira, nikapangiwa usafi wa Shosho. Nilikuwa mgeni wa kila kitu. Nilikuja na jozi moja tu ya ndala za bluu, ukanda mmoja ulikatika mwezi wa kwanza nikaushona kwa uzi mweusi. Dominiko ndiye aliyenikopesha sindano. Nawaomba mkumbuke hizo ndala.

Februari 2012 iliamuliwa kwamba Shosho avutwe na boti kutoka Al Wakrah hadi Doha mjini kwa ajili ya maonyesho. Asubuhi hiyo upepo wa kaskazini, ule wanaouita shamali, ulikuwa umeanza. Wafanyakazi walisafisha, wakafunga vitu, na basi dogo likawachukua kuwarudisha bweni. Mimi nilikuwa nimetumwa chumba cha mbele kabisa kufunga kwa kamba sanamu za mabaharia zisianguke njiani. Juu kulikuwa na pampu inanguruma, chini sikusikia chochote. Kila mmoja alidhani niko kwenye basi. Kwenye basi walidhani nimebaki na Faridah. Faridah alidhani nimekwenda na basi.

Boti ilianza kumvuta. Dominiko alikuwa juu ya mgongo wa Shosho, ndiyo kwanza amerudi kwenye mfuniko kutoka kufungua kamba, akisubiri agizo la kuufunga na kuvukia kwenye boti, na Athanas alikuwa kwenye boti akisimamia. Nje kidogo ya bandari bati moja la zamani lilifumuka chini. Pampu ikazidiwa, ikakohoa, ikazima. Shosho akainamisha kichwa, na mawimbi yakaanza kulamba ukingo wa mfuniko. Athanas alipiga kelele mfuniko ufungwe. Alijua anachosema, na siku zote nimekubali hivyo: mfuniko ungefungwa, chombo kingeelea mpaka wakifikishe maji mafupi. Alipiga kelele mara ya pili. Dominiko akaonyesha mkeka kwa kidole.

"Ni za kutupwa tena hizo!" Athanas alijibu. "Funga, Dominiko! Funga!"

Hapo ndipo maisha yangu yalipokuwa, wenzangu. Kwenye jozi ya ndala. Dominiko alikuwa ameshachekwa kwa jambo hilohilo, alikuwa na amri ya mkubwa wake, alikuwa hajui kuogelea, na kitu anachokiogopa kuliko vyote duniani ni kufungiwa mahali. Baadaye nilimuuliza alijuaje kwamba safari hii hazikutupwa. Alinishangaa. "Nyaboke, mtu hawezi kushona ndala na uzi halafu aitupe."

Hakufunga. Alikaa chini kwenye chuma, maji yanampiga mgongoni, akavua buti zake. Moja, kisha nyingine. Akazipanga kando ya ndala zangu, akashuka.

Mimi nilikuwa gizani, taa zimezima, maji yako magotini, na kuna harufu iliyonikaba koo, na hadi leo nikisikia dawa ya kung'arishia nguo nageuza uso. Nilikuwa nimeshika sanamu moja kiunoni kana kwamba itanisaidia. Nikaona tochi, na nyuma ya tochi sauti ile. "Wacha huyo mzungu wa nta, twende! Mimi sijui kuogelea na wewe hujui, tusisumbuane hapa." Akanishika mkono na hakuuachia. Nililia, nasema wazi. Yeye alikuwa akiongea njia nzima, akinieleza mahali pa kukanyaga kwa sauti ileile ya kuwatembeza watoto wa shule. Tulipofika kwenye ngazi maji yalikuwa yanaanguka juu yetu kama ndoo, lakini tundu la mwanga lilikuwa wazi, na tukatoka.

Tulipanda boti pekupeku. Shosho alizama mbele ya macho yetu, taratibu, bila fujo, kichwa kwanza, baada ya miaka mia na nne ya kuwa juu na chini. Aliondoka na mkeka wa kijani, buti na ndala. Yuko palepale mpaka leo, na wavuvi wanasema samaki wakubwa wanaoitwa hamuri wamehamia kwake. Huyo bibi alistaafu kabla yako, Mzee, na kapata wapangaji.

Uchunguzi wa kampuni ulichukua muda mfupi. Ilionekana kwamba Dominiko alipewa amri, akaikataa, na chombo kikapotea. Ilisemwa pia, na hili ndilo lililomuuma, kwamba kama angefunga, chombo kingebaki juu na mimi niliyekuwa ndani ningebaki mzima vilevile, nikatolewa baadaye bila haraka. Kwa maneno mengine, alipoteza nyambizi ya karne nzima bure. Alipewa onyo, akahamishiwa lango la ghala, kisha lango la wafanyakazi West Bay. Vijana wakamwita Kapteni. Mimi nilihamishiwa mapokezi, na kila nilipotaka kumtetea alinikatiza. "Khalas, yameisha, msichana wangu. Kile kilikuwa chuma." Lakini wageni wakimuuliza alikuwa akifanya kazi gani zamani alisema alikuwa mlinzi tu. Habari za panya alikuwa ameacha kuzieleza. Mtu aliyependa kusimulia namna ile, kunyamaza kwake kulinichoma roho.

Msidhani alikaa pale langoni kwa kinyongo. Miaka saba hiyo aliwafunza walinzi wapya wasiopungua nusu ya walioko kazini sasa. Aliwafundisha kusimama bila kuumiza mgongo, kukataa zawadi bila kumuudhi mtoaji, na kumtambua mfanyakazi aliyelia njiani na kumkalisha kwanza kabla hajaingia kazini. Wasichana wa usafi wakimaliza zamu ya usiku hakuondoka langoni mpaka awe amewaona wote wamepanda basi. Kuna aliyewahi kuniuliza kwa nini huyu mzee hutazama miguu ya watu kabla ya nyuso zao. Nilimwambia ni mazoea ya kazi.

Na lifti, alijifunza kuipanda mwaka 2016. Faridah alimshika mkono hadi ghorofa ya kumi na mbili. Walishuka kwa ngazi, lakini tunamhesabia.

Sasa nieleze kilichobadilisha mawazo ya ofisi. Wiki iliyopita niliandika wasifu huu mara ya kwanza kama nilivyoagizwa, mfupi na mtamu, wenye sentensi moja kwamba chombo kilipotea kwa sababu ya hali ya hewa. Nikaupeleka kwa Injinia Athanas ahakikishe mambo ya ufundi. Alirudi mezani kwangu baada ya chakula cha mchana, akakaa bila kukaribishwa, akauweka mbele yangu. "Hii si kweli," akasema. "Andika upya. Na usinipambe."

Nimeandika kama alivyosema, na nimemsomea, na ameniruhusu niweke jina lake. Siku ile, Dominiko aliposhuka, Athanas aliruka kutoka kwenye boti akapanda juu ya Shosho ili aufunge mfuniko yeye mwenyewe. Alikuwa ameushika kwa mikono miwili. Alipoinama kuusukuma akaona buti zimepangwa kando ya ndala. "Jozi moja ningeipuuza, wallahi ningeipuuza," aliniambia. "Zile buti zilinishinda. Mtu havui buti kwenye dhoruba ila anakuambia kitu." Mfuniko ulikuwa unataka kujifunga kwa mawimbi. Kwa hiyo yule aliyekuja kuufunga aliushikilia wazi kwa mabega yake mpaka tulipotoka. Nilimwona pale tulipotoka, nikadhani amekuja kutupokea tu. Ule mwanga niliouona mimi, alikuwa ni yeye amesimama pembeni yake.

Kisha akasema lile zito. Betri za taa za Shosho alikuwa ameziweka yeye, chini ya sakafu ya chumba cha mbele, kwa sababu palikuwa na nafasi. Maji ya chumvi yalikuwa yamezifikia. Ile harufu niliyoisikia ni hewa ileile ya mwaka 1913. Mfuniko ungefungwa, chombo kingeokoka kama alivyosema, na wangenikuta kesho yake nimekaa na sanamu. "Kwenye uchunguzi niliulizwa kuhusu amri, nikajibu kuhusu amri," alisema. "Kuhusu betri hakuna aliyeuliza, na mimi nikanyamaza. Mzee alibeba mzigo wangu miaka saba, na kila asubuhi ananisalimia."

Athanas hakuishia mezani kwangu. Alikwenda mwenyewe kwa Mudir, na sisi wengine tulibaki ukumbini tukijifanya tuna kazi. Yaliyosemwa mle ndani siyajui. Ninachojua ni kwamba Mudir alitoka, akaja hadi mapokezi, akaniuliza kwa Kiarabu chake cha polepole anachokitumia na sisi kama ni kweli Dominiko alivua buti. Nikasema ni kweli. Akasema onyo lile linafutwa leo, na kwamba wasifu usomwe wote, mbele ya watu wote, na yeye akiwepo. Akiondoka akaongeza kwamba ile nyambizi aliipenda sana. Halafu akanitazama akasema, "Alhamdulillahi," akaenda zake.

Basi iandikwe, na isomwe kwa sauti. Mwaka 1913 mtu alifunga mfuniko, akaokoa chombo, akapewa nishani. Mwaka 2012 Dominiko Simiyu aliuacha wazi, akapoteza chombo, akapewa onyo. Sisi tunaofanya naye kazi tunajua nishani ilikosea mlango. Aliizamisha, ndiyo. Alijua anachofanya, na angeizamisha tena kesho asubuhi.

Mzee wetu, asante kwa malango yote uliyosimama. Asante kwa vijana uliowanyoosha, kwa panya waliokuwa wakiimba, kwa sindano. Msalimie sana Mama Nasimiyu, umwambie tumekurudisha mzima kama alivyotukabidhi, ila sauti hatukuweza kuipunguza. Tunakuombea mahindi yanayozaa, magoti yasiyouma, na wajukuu wenye subira ya kusikiliza. Waeleze yote, na habari za Shosho uzirudishe mdomoni. Tunataka tusikie kwamba Kimilili nzima inajua panya gani alikuwa mlevi.

Ukumbi wa leo ni ule wa chakula, Al Wakrah, na kama ulivyoona ukiingia, mlangoni tumetandika mkeka wa plastiki wa kijani kutoka duka lilelile la Al Mansoura. Mudir amevua, Bradley amevua, Athanas amevua wa kwanza. Kila siku ulikuwa wa mwisho kuondoka. Leo tunaomba utoke kabla yetu. Ukifika mlangoni utakuta buti mpya, nyeusi, ambazo hazijakanyaga kokote. Hizo ni zako. Kando yake kuna ndala za bluu, mpya kama buti, ila ukanda mmoja umeshonwa kwa uzi mweusi. Hizo usiziulize, Mzee. Ni zangu. Nimo ndani, na ni mzima.

Nyaboke,
Idara ya Mapokezi